Dai kuu la insha ya chuo: namna ya kulipata, kulibana na kulijaribu

Swali linasema: "Jadili sababu za kuenea kwa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907." Mwishoni mwa utangulizi mwanafunzi anaandika: "Vita hivi vilisababishwa na sababu za kisiasa, kiuchumi na kijamii." Sentensi hiyo ni kweli kwa Maji Maji. Ni kweli pia kwa vita vya Wahehe, kwa Mau Mau, na kwa vita vingine vyovyote utakavyovitaja. Kwa kuwa inakaa popote, haijajibu swali lililoulizwa, na msahihishaji akifika hapo anajua kwamba kurasa nne zinazofuata zitakuwa orodha.

Mwongozo huu unahusu sentensi ambayo ingepaswa kukaa mahali pale. Walimu wengine huiita hoja kuu, wengine kauli ya msimamo. Hapa tutaiita dai kuu, ili neno hoja libaki kwa vipande vinavyolitegemeza, maana wanafunzi wengi hukwama kwa kuchanganya hivyo viwili. Dai kuu ni jibu lako kwa swali, kwa sentensi moja au mbili, ambalo mtu aliyesoma vitabu vilevile ulivyosoma wewe anaweza kulikataa kwa haki. Hapo pa kukataliwa ndipo penye uzito. Kama hakuna awezaye kulikataa, huna la kuthibitisha, na insha ya chuo ni uthibitisho tangu aya ya pili hadi ya mwisho.

Anza na maneno ya swali

Kabla ya kufungua kitabu, pigia mstari kitenzi. "Eleza" na "fafanua" vinakutaka uoneshe jambo lilivyo na linavyofanya kazi. Dai lake huwa dogo, lakini lipo: unachagua kipi katika jambo hilo ndicho kiini na kipi ni cha pembeni. "Jadili" inataka pande zaidi ya moja, kisha useme umesimama wapi baada ya kuzipima. "Linganisha" ndiyo inayowapoteza wengi, kwani huandika mifanano mitano na tofauti tano wakaishia hapo. Dai la ulinganisho husema kile tunachokiona kwa kuviweka vitu viwili pamoja, ambacho tusingekiona kwa kukitazama kimoja. "Tathmini" na "kwa kiasi gani" zinadai kipimo: kiasi kipi, kwa nani, hadi lini.

Chukua swali hili la isimujamii, juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja: "Kwa kiasi gani kuteuliwa kwa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kulitokana na sifa za kiisimu?" Kujibu "kwa kiasi kikubwa" hakutoshi. Dai linalobeba kipimo litakuwa hivi: "Sifa za kiisimu zilikuwa na uzito mdogo katika uamuzi wa mwaka 1928, kilichokitanguliza Kiunguja mbele ya Kimvita ni kwamba tayari kilikuwa kimefika bara kwa njia za misafara ya biashara." Hapo kuna kiasi, kuna mshindani aliyetajwa kwa jina (Kimvita, lahaja ya Mombasa), na kuna sababu moja inayoweza kupimwa. Mwenzako akija na hoja za wamisheni wa Mombasa waliokitetea Kimvita, mna la kubishania.

Baada ya kitenzi, tazama nomino. Swali letu la kwanza halikuuliza sababu za *kuanza* kwa Vita vya Maji Maji. Limeuliza sababu za *kuenea*. Tofauti hiyo ya neno moja inabadili insha nzima, na anayeikosa ataandika kurasa nzuri za kujibu swali la mtu mwingine. Tazama pia mipaka ya miaka na mahali. Kama swali linaishia 1907, usiburute dai lako hadi uhuru wa 1961.

Tafuta jambo linalokataa kukaa

Dai zuri halianguki kutoka kichwani mtu akiwa amekaa kimya na kalamu. Linatoka kwenye ushahidi, na hasa kwenye ule ushahidi unaolisumbua jibu la kwanza lililokujia. Njia inayofaa ni karatasi moja iliyogawanywa safu mbili. Juu yake andika jibu jepesi, lile ambalo darasa zima lingelitoa. Safu ya kushoto weka yanayokubaliana nalo. Safu ya kulia weka yanayolipinga, au yasiyoelezeka nalo. Soma ukijaza safu zote mbili, na usikubali kuanza kuandika kabla safu ya kulia haijapata mambo matatu.

Tufanye hivyo kwa Maji Maji. Jibu jepesi ni pamba ya kulazimishwa. Kushoto kunajaa haraka: mashamba ya pamba ya pamoja yaliyoanzishwa mwaka 1902, watu wakifanyishwa kazi chini ya maakida na majumbe, wasimamizi waliowatumikia Wajerumani, kwa malipo duni, kodi ya nyumba iliyokuwapo tangu 1898, na lile tukio la Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba kuwa tangazo la vita.

Kulia, polepole, yanaingia mengine. Wangoni wa Songea walijiunga Septemba 1905, ilhali manung'uniko yao makubwa hayakuwa pamba. Walichokuwa wamekipoteza tangu Wajerumani walipoishika Songea mwaka 1897 ni mamlaka ya watawala na manduna (wakuu wa vita) wao. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, aliyeanza mwaka 1904 kutoa maji, dawa iliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, alinyongwa mapema Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, na bado maji yakaendelea kusafiri bila yeye. Na Wahehe, waliokuwa wamepigana na Wajerumani tangu 1891 hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898, watu ambao kwa chuki ya ukoloni wasingepitwa na yeyote, hawakujiunga.

Hiyo safu ya kulia ndiyo mgodi wako. Pamba haielezi Songea. Chuki ya ukoloni haielezi kutulia kwa Wahehe. Mtu aliyefika hapa tayari ana insha, hata kama hajaandika neno.

Sasa rasimu. Ya kwanza huwa hivi: "Vita vya Maji Maji vilienea kwa sababu ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa." Ni dai, maana linaweza kukataliwa. Lakini safu ya kulia inalikataa mara moja, kwa hiyo halifai.

Ya pili: "Vita vya Maji Maji vilienea kwa sababu ya kilimo cha pamba na imani ya maji." Mwandishi ameona kuna mambo mawili, akayaunganisha kwa "na". Kiungo hicho hakisemi kipi kilifanya kazi gani. Ni kama mtu aeleze wali ulivyoungua kwa kusema kulikuwa na moto na sufuria. Kila ukiona "na" katikati ya dai lako, jiulize uhusiano wa pande zake ni upi: kimoja kilisababisha kingine? Kimoja kilianza, kingine kikaendeleza? Kimoja kilizuia kingine?

Ya tatu: "Ingawa pamba iliwasha vita, imani ya maji ndiyo iliyovieneza." Hapo mifupa imesimama. "Ingawa" imempa mshindani nafasi yake, na kila sababu imepewa kazi yake. Kinachokosekana ni *vipi*. Imani inaenezaje vita? Msomaji asipoambiwa, atafikiri unamaanisha watu walidanganywa kwamba risasi zitageuka maji, na insha yako itageuka kuwa ya kuwadharau waliopigana.

Ya nne: "Ingawa pamba ya kulazimishwa ndiyo iliyowasha Vita vya Maji Maji huko Umatumbi mwaka 1905, si pamba iliyovifikisha Ungoni: imani ya maji, iliyobebwa na wajumbe kutoka jamii moja hadi nyingine, ndiyo iliyozipa jamii zenye manung'uniko tofauti sababu moja ya kupigana kwa wakati mmoja." Maneno takriban arobaini. Hili linaweza kuandikiwa insha.

Usiliache hapo. Lirudishe kwenye safu ya kulia mara ya mwisho na uulize: Wahehe je? Manung'uniko walikuwa nayo, ila wao hawakuingia katika mtandao wa maji. Kwa hiyo hawalivunji dai, wanalibana. Wanakulazimisha kukiri kwamba dai lako linahusu jamii zilizoyapokea maji tu, na kwamba kupokea au kukataa maji nako kunahitaji maelezo: jamii iliyokuwa imevunjwa nguvu miaka saba tu nyuma ilikuwa na hesabu zake. Ongeza maneno manne, "miongoni mwa jamii zilizoyapokea", na utenge aya moja ya Wahehe. Msahihishaji anayejua historia hii atakuwa akiisubiri aya hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Tazama pia jinsi dai lilivyokwisha kukupangia kazi. "Ndiyo iliyowasha Umatumbi" ni aya mbili za mwanzo. "Si pamba iliyovifikisha Ungoni" ni aya ya tatu. "Iliyobebwa na wajumbe" ni ya nne. "Manung'uniko tofauti, sababu moja" ni ya tano, na "jamii zilizoyapokea" ni ya sita, ya Wahehe. Kwa insha ya maneno 1,500, hizo ni aya sita za maneno 200 hivi kila moja, zikibaki maneno 150 ya utangulizi na 150 ya hitimisho. Kila kifungu cha dai ni ahadi. Aya isiyolipa ahadi yoyote haina kazi, hata kama ina rejea tano. Na kifungu kisicho na aya ni deni.

Masomo mengine

Katika fasihi, dai huwa halihusu kama shairi lina kitu fulani. Hilo huonekana kwa kusoma tu. Linahusu kitu hicho kinafanya nini. "Shairi hili lina vina, mizani na kibwagizo" ni hesabu. Jaribu hivi kwa tarbia yoyote yenye kibwagizo kisichobadilika: "Ingawa maneno ya kibwagizo ni yaleyale katika beti zote nane, maana yake inageuka kutoka onyo hadi ombi, kwa sababu msemaji wa beti tatu za mwisho si mzee tena bali kijana aliyeonywa." Dai la namna hiyo linakulazimisha kurudi kwenye beti, kunukuu mshororo kwa mshororo, na hapo alama zinaanza kuja zenyewe. Onyo moja kwa wanafasihi: usigeuze dai kuwa funzo. "Mwandishi anatufundisha kuwaheshimu wazazi" ni jibu la maadili, linalofaa sekondari. Chuoni unaulizwa kazi imejengwaje hata ifikie kusema hilo.

Katika stadi za maendeleo na elimu, hatari ni kuandika matakwa. "Serikali inapaswa kuboresha elimu" hakuna atakayeipinga. Swali la elimu bila ada nchini Tanzania, iliyofikishwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, linaweza kupata dai hili: "Kufutwa kwa ada kuliondoa gharama iliyokuwa ikitajwa sana, lakini si lazima iwe ndiyo iliyokuwa ikiwazuia watoto wa kaya maskini kabisa, sare, madaftari na chakula cha mchana vilivyobaki kwa mzazi ndivyo vinavyoamua nani anabaki darasani baada ya kuandikishwa." Limetenganisha kuandikishwa na kubaki. Mara ukitenganisha vitu viwili ambavyo watu huvitaja kwa pumzi moja, dai huwa karibu.

Sayansi na sheria tunazipita haraka kwa kuwa zina taratibu zake. Ripoti ya maabara hutumia nadharia tete, inayotabiri kabla ya jaribio. Insha ya sheria kwa kawaida hujenga jibu juu ya kifungu cha sheria na kesi zilizokwisha kuamuliwa. Lakini hata huko, maswali ya kujadili hupimwa kwa kipimo kilekile cha kukataliwa kwa haki.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kosa la kwanza kwa wingi ni tangazo: "Insha hii itajadili sababu za kuenea kwa Vita vya Maji Maji." Mwandishi ameandika atakachofanya badala ya anachosema. Hutokea pale mtu anapoanza utangulizi kabla hajajua jibu. Dawa yake ni rahisi: baada ya tangazo ongeza "nayo inaonesha kwamba", malizia sentensi, kisha ufute yote yaliyotangulia neno "kwamba". Kilichobaki ndicho dai. Kama huwezi kuimalizia, rudi kwenye safu mbili.

Baadhi ya wahadhiri huitaka ile sentensi ya mpangilio, "kazi hii imegawanyika katika sehemu tatu". Wape, lakini iwe ya pili, nyuma ya dai.

Kosa la pili ni utatu wa kisiasa, kiuchumi na kijamii. Tunautoa sekondari, ambako ulitusaidia kukumbuka hoja siku ya mtihani. Ubaya wake ni kwamba unapanga kabati kabla ya kujua nguo zilizopo. Pamba ilikuwa ya kiuchumi, lakini aliyeilazimisha alikuwa akida, naye ni siasa. Na kumtandika mtu mzima mbele ya familia yake ni jamii. Mambo yaliyofungamana unayakata vipande vitatu, kisha unashangaa mbona insha haina uti wa mgongo. Tumia utatu huo kukusanya mambo, ukitaka, lakini usiuache uingie kwenye dai.

La tatu ni kuanza na kamusi. Aya nzima ya "kwa mujibu wa kamusi, insha ni..., fasihi ni..., jamii ni..." halafu dai linafinyangwa kwenye sentensi ya mwisho kwa kuwa nafasi imekwisha. Fasili ina maana pale tu dai lako linapolitegemea neno ambalo wataalamu hawajakubaliana juu yake. Ukidai kwamba mashairi huru nayo ni ushairi wa Kiswahili, hapo lazima ufasili ushairi, kwa sababu ugomvi wote umelala juu ya neno hilo. Kufasili "vita" ili ujadili Maji Maji ni kupoteza maneno sitini.

La nne ni kuazima dai la mtaalamu. Mwanafunzi ananukuu mwanahistoria mmoja anayesema imani iliunganisha makabila, kisha anaandika kurasa nne za kumkubali. Rejea zote zipo, wizi wa kitaaluma haupo, na alama bado ni za wastani, kwa sababu hakuna aliyeandika insha hiyo isipokuwa yule mtaalamu. Ukimkubali, msogeze: anakubalika hadi wapi? Mfano gani hakuugusa? Wataalamu wawili wakipingana, dai lako linaweza kuwa kwamba wanapingana kwa kuwa mmoja anatazama Umatumbi na mwingine Ungoni. Haohao wawili wameshakufanyia nusu ya kazi.

Siku hizi limeingia la tano. Programu za akili mnemba hutoa dai lenye sura nzuri kwa sekunde tatu, lenye "ingawa" yake na mkato wake mahali pake. Shida hujitokeza aya ya tatu, kwa sababu dai hilo halikutoka kwenye ushahidi ulioushika mkononi, kwa hiyo huna cha kulilisha. Kama chuo chako kinaruhusu kuzitumia, zifae upande wa kulia wa karatasi: ziombe zikupinge, kisha kila pingamizi ulihakiki kitabuni.

Na kuna woga. Mwanafunzi ana dai, lakini analifunika kwa "huenda", "kwa namna moja au nyingine", "inaweza kusemekana kwamba". Tahadhari ya kitaaluma ni nzuri pale inapotaja mpaka wake: "katika jamii zilizoyapokea maji", "kati ya 1905 na 1907", "kwa kaya zisizo na mshahara". Mpaka unaotajika hulipa dai nguvu. "Kwa namna moja au nyingine" haina mpaka, imelegeza tu.

Lugha ya dai

Yapo maneno ambayo ukiyaona kwenye dai lako uyakate bila huruma: "mbalimbali", "changamoto", "mchango mkubwa", "nafasi kubwa", "katika jamii ya leo". "Vita hivi vilikuwa na sababu mbalimbali" inasema zilikuwa zaidi ya moja, basi. "Changamoto" inaficha kama ni uhaba, uonevu, uzembe au ugonjwa. Weka jina la kitu chenyewe.

Tumia vyema kile Kiswahili kinachokupa bure. "Imani ilieneza vita" na "Iliyoeneza vita ni imani" hazisemi jambo moja. Ya pili inachagua. Inaondoa sababu nyingine mezani. Viambishi vya urejeshi pamoja na "ndi-" ni vyombo vya kudai, na wanafunzi wengi huviacha kwenye mazungumzo, kisha wakaandika sentensi bapa. Lakini chunga usichague pale ambapo ushahidi hauchagui.

Kauli ya kutendwa nayo itazame. "Watu walilazimishwa", na nani? Mjerumani, akida, au jumbe wa kijijini? Jina la mtendaji mara nyingi ndilo linalogeuza maelezo kuwa hoja.

Nafsi ya kwanza, "ninadai kwamba", inakubalika kwa baadhi ya wahadhiri na kukataliwa na wengine. Muulize wako. Dai lenye nguvu halikuhitaji neno hilo tangu mwanzo.

Kwa wale ambao asaimenti zao nyingi ni za Kiingereza, kama ilivyo vyuo vingi vya Tanzania na Kenya: andika dai kwa Kiswahili kwanza. Mwambie unayeishi naye chumbani, ambaye hasomi kozi yako. Akiuliza "Kwani wengine wanasemaje?" umefika. Akijibu "Sawa" akaendelea kula, bado. Ukishalinyoosha, ndipo ulipeleke Kiingereza. Ni rahisi mno kujificha nyuma ya maneno makubwa ya lugha uliyojifunzia darasani.

Mahali pake na urefu wake

Kwenye insha ya maneno 1,000 hadi 2,000, dai likae mwisho wa utangulizi, baada ya sentensi tatu hadi tano za kumsogeza msomaji. Kwenye kazi ya maneno 4,000 na zaidi linaweza kukaa mwisho wa aya ya pili, ya kwanza ikiwa imeonesha tatizo. Maneno 25 hadi 45 yanatosha. Likipita 60, aghalabu kuna madai mawili ndani yake. Chagua moja, la pili lishuke kuwa hoja. Likiwa chini ya 15, kuna uwezekano hujasema "vipi" au "kwa nini".

Sentensi zinazolitangulia zisianzie mbali. "Tangu zamani binadamu amekuwa akipigana vita" iko maili elfu kutoka Umatumbi. Anzia kwenye jibu jepesi ambalo unataka kulisogeza: watu husemaje juu ya jambo hili? Kisha weka lile linalokataa kukaa, kisha dai. Mpangilio huo wa hatua tatu unaandika utangulizi mzima bila kutafuta maneno ya kujazia.

Kwenye chumba cha mtihani, swali la dakika 45, tenga dakika tano: moja ya kitenzi na nomino, mbili za safu mbili zilizoandikwa kwa mkato nyuma ya karatasi, mbili za dai. Mwandishi aliyeruka dakika hizo huonekana kwenye ukurasa wa pili, anapoanza kurudia.

Kulirudia baada ya rasimu

Dai uliloanza nalo ni la muda. Ukiandika aya ya Wahehe utajifunza jambo ambalo hukulijua wakati wa utangulizi, na ni kawaida hitimisho likatoka na sentensi kali kuliko ile ya mwanzo, kwa kuwa sasa umeshafikiri. Kwa hiyo rasimu ikiisha, fanya haya kabla ya kulala. Soma kila aya na uandike pembeni, kwa maneno yasiyozidi kumi, inathibitisha nini. Soma hayo ya pembeni peke yake, mfululizo, kisha soma dai. Pale yasipolingana, amua kipi kibadilike. Mara nyingi ni dai, maana aya zimeshikana na ushahidi na dai lilikuwa bado ni makisio.

Halafu fungua hitimisho, itafute ile sentensi kali, ikate, uipandishe mwisho wa utangulizi. Kule chini andika nyingine inayosema kinachofuata kama dai hili ni kweli: kwa mfano, kwamba basi tunapohesabu sababu za vita vya wakati ule tutenganishe zilizowasha na zilizosambaza. Ukimaliza, soma dai jipya kwa sauti pamoja na swali lenyewe, moja baada ya jingine, uone kama bado ni jibu la swali hilohilo.